Likizo ya Uzazi kwa Mama wa Kibanda: Somo kwa Vikundi

Somo la safari hii linahusu jambo ambalo huwa tunalipita haraka mkutanoni. Mwanachama amejifungua. Tumempelekea sukari, unga na sabuni, tumeimba, tumerudi nyumbani. Mwezi wa pili hajaonekana. Mwezi wa tatu mweka hazina anasoma majina ya wenye faini, na jina lake ndilo la kwanza. Mtu fulani pale nyuma anasema, "Huyu siku hizi amekuwa mvivu." Sisi tunataka kusimama hapo hapo penye faini, kwa sababu mara nyingine huyo mama si mvivu hata kidogo. Ni mgonjwa. Ugonjwa wake una jina, una matibabu, na una hesabu yake ya pesa.

Mfano wetu tumeutoa Gikomba, Nairobi. Wengi wenu mko mashambani, lakini Gikomba mnaijua hata kama hamjafika. Nguo za mitumba mnazonunua siku ya soko, nyingi zimepitia huko zikiwa kwenye belo. Mabinti zenu na wake za watoto wenu wako huko pia, na wakizidiwa ndio hao hurudi nyumbani kwa basi la usiku na mtoto kifuani. Kwa hiyo someni pamoja. Mmoja asome kwa sauti, na mkifika mahali mnapobishana, simameni mbishane kwanza.

Sheria inasema nini, na inamfikia nani

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa mwanamke aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi na mshahara wake wote. Baba naye anapewa wiki mbili zenye mshahara. Chini ya sheria ya zamani ya 1976 mama alipata miezi miwili tu, na akiichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Hilo liliondolewa. Siku hizi likizo ya mwaka, siku 21 za kazi, inabaki yake. Mama anatakiwa kumwandikia mwajiri angalau siku saba kabla ya kuondoka, na akirudi ana haki ya kurudi kwenye kazi yake ile ile au nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyo mabaya kuliko ya kwanza.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo watu wengi hawaijui. Kama miezi mitatu imekwisha na mama bado ni mgonjwa, sheria inaruhusu aunganishe likizo ya ugonjwa, au ya mwaka mwajiri akikubali, hapo hapo mwishoni. Na mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara wote na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama malaria. Cheti chake ni cheti. Kifungu cha 5 kinakataza mtu kubaguliwa kazini kwa sababu ya mimba au hali ya akili yake, na kifungu cha 46 kinasema mimba si sababu ya haki ya kumfuta mtu kazi.

Hii inamfikia karani, inamfikia mfanyakazi wa nyumbani. Gikomba kuna wengine wengi wa katikati: msichana anayemuuzia mtu nguo kwenye kibanda, anayepiga pasi, anayekaanga samaki kwa mwenye hoteli, fundi wa cherehani anayelipwa jioni. Wao wenyewe husema, "Mimi ni kibarua tu, sina likizo." Pengine wanajidanganya. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku zinazofuatana mpaka zifike mwezi au zaidi, anahesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi. Tajiri atabisha, hilo tunalijua. Ndiyo maana meseji za M-Pesa za malipo ya kila siku zisifutwe, na majina ya majirani wa kibanda yaandikwe mahali. Ofisi ya kazi haiwezi kusaidia maneno matupu.

Lakini yule aliye na kibanda chake mwenyewe, nani atamwandikia barua ya likizo?

Kwa nini anarudi mapema

Tuchukue mama mmoja wa mfano tu, anayeuza nguo za watoto. Kazi yake inaanza alfajiri, kabla jua halijatoka, kwa sababu belo zinafunguliwa mapema. Anayefika kwanza anachagua kamera, yaani zile nguo nzuri za juu. Anayefika saa tatu anaokota zilizobaki, na mwisho kabisa ni fagia, rundo la bei ya chini. Sasa mtu mwenye mshono wa hospitali na mtoto wa wiki tatu atafikaje alfajiri? Asipofika, hauzi kamera, na wateja wake wa kawaida wanahamia kwa jirani. Na asipofika siku nyingi zaidi, mwingine anatandaza mali yake pale pale mahali pake. Kupata nafasi Gikomba ni kazi, kuirudisha ni kazi mara mbili.

Basi anarudi. Mama wa wiki mbili yuko sokoni, mtoto amelazwa juu ya rundo la sweta katikati ya moshi na vumbi. Watu wanamsifu, "Mama ngangari." Sisi tunaomba tuache kidogo hiyo sifa, maana inamfunga mdomo. Ukishaitwa ngangari, utamwambia nani kwamba usiku hulali na mchana unatamani kutoweka?

Wazee wetu walikuwa na likizo kabla ya sheria yoyote. Nendeni Majengo, pale pale ng'ambo ya Gikomba, ambako familia za Kiislamu zimekaa tangu enzi za ukoloni. Watawaambia juu ya arobaini. Siku arobaini mama hapiki, hachoti maji, anakandwa, anapikiwa, na kuna mwanamke mzima wa kukaa naye. Huko bara nako kila kabila lilikuwa na njia yake, uji na njahi na kuku wa mama, na jirani wa kuleta kuni. Hakuna mwajiri aliyelipa. Walilipa watu kwa mikono yao, kwa zamu. Chama ni nini kama si hiyo zamu iliyoandikwa kwenye daftari?

Ugonjwa wenyewe

Siku ya tatu, ya nne, ya tano baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia bila sababu, hukasirika upesi, kisha hucheka. Huo bado si ugonjwa. Anataka usingizi, chakula, na mtu wa kushika mtoto. Ndani ya wiki mbili hupita.

Ikiwa wiki mbili zimepita na bado, au ikianza baadaye, hata mwezi wa tano au wa nane, hapo tusilale. Wataalamu huita sonona au unyogovu. Sisi katika somo hili tutasema ugonjwa wa huzuni. Mama halali hata mtoto akilala. Chakula hakipiti, au anakula bila kusikia ladha. Anamwangalia mtoto kama mtoto wa mtu mwingine, halafu anajichukia kwa sababu hiyo. Anaogopa watu. Mama wa kibanda anaanza kukosea chenji, anamuuzia mtu chini ya bei alivyonunua kwa sababu hana nguvu ya kubishana, au anakaa tu mteja akisimama mbele yake. Wengine wanasema mtoto angekuwa salama zaidi na mama mwingine. Neno hilo mkilisikia, msicheke nalo.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi kama zetu karibu mama mmoja kati ya watano hupata shida ya akili baada ya kujifungua, na iliyo nyingi ni hii huzuni. Angalieni mlivyokaa hapo. Kama kikundi kina akina mama ishirini, huenda wanne wameipitia, na labda mnamjua mmoja tu.

Kuna watakaosema haya ni maneno ya wazungu. Jirani zetu Baganda wana jina la tangu zamani, amakiro, la wazimu unaompata mama aliyejifungua, na walisema unaletwa na uzinzi wa mama au baba wakati wa mimba. Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda akichunguza wajawazito na waliojifungua, akaona huzuni ya uzazi iko Afrika kama ilivyo kwao. Alipokuwa amerudi Uingereza, yeye na wenzake walitunga maswali kumi mafupi juu ya siku saba zilizopita, yakatolewa mwaka 1987 kwa jina la mji wa Edinburgh. Leo wauguzi hutumia maswali hayo nchi nyingi. Kwa hiyo si maneno ya mbali sana. Sehemu ya mizizi yake iko Uganda. Tunachokataa ni ile habari ya uzinzi, pamoja na ndugu zake: kwamba mama amerogwa, kwamba hana imani, kwamba amekataa mtoto. Ugonjwa huu unawapata waombaji na wasioomba.

Unampata zaidi aliyewahi kuugua hivyo, asiye na msaidizi, anayepigwa nyumbani, na mwenye deni. Ndipo tunafika kwenye pesa.

Huzuni na hesabu

Mambo haya mawili yanakulana. Deni linamnyima mama usingizi, kukosa usingizi kunaongeza huzuni, huzuni inamfanya asiende sokoni, na deni linakua. Tena ugonjwa huu unachukua kile hasa ambacho mfanyabiashara anakitegemea, yaani kupima na kuamua. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza: katika wiki zile mbaya, mama asiuze kibanda, asifunge biashara, asichukue mkopo mpya akiwa peke yake. Awe na mtu mmoja aliyemchagua kabla ya kujifungua, na jambo kubwa la pesa lisubiri mpaka huyo mtu alisikie. Anaweza kuwa dada, mama, mume, au mwanachama mnyamavu.

Kabla ya kujifungua kuna miezi. Mwezi wa saba wa mimba, aandike anachotumia kwa wiki: kodi ya nyumba, chakula, maji, mafuta, ada ya kibanda. Akishajua, aanze kupunguza mali. Wengi hufanya kinyume, wananunua belo kubwa la mwisho ili "litauzwa nikiwa nyumbani". Belo ni pesa iliyofungwa kwa kamba. Huwezi kulipa kodi kwa belo. Na Gikomba inaungua mara kwa mara. Moto wa tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15 na kuteketeza mali ya watu wengi usiku mmoja. Mwezi wa mwisho wa mimba, ni afadhali mali iwe chache na pesa iwe karibu.

Halafu kuna simu. Fuliza ilianza Januari 2019, na kila mtu anajua ilivyo rahisi. Kitu ambacho vikundi husahau ni hiki: laini iliyo na deni la Fuliza ikitumiwa pesa, deni linakatwa kwanza. Kikundi kinachanga Sh 3,000 za uzazi, kinatuma kwa furaha, na mama anapata meseji tu. Pesa imekwenda. Anaona aibu kusema, na nyinyi mnasubiri asante. Basi muulizeni kwanza, taratibu, "Tutume kwa laini gani?" Au lipeni kodi kwa mwenye ploti moja kwa moja, pelekeni unga, pelekeni makaa. Mkopo wa shailoki hatutauzungumzia sana. Anayekuja kuchukua redio ya mama wa mtoto wa mwezi mmoja mnamjua.

Jambo la hospitali lilipiwe mapema pia. Mwaka 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, na baadaye mpango wa Linda Mama ukapitia NHIF. Kwa hiyo akina mama bado huambiana kwamba uzazi ni bure, usijali. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, kuna SHA. Anayejiajiri hulipia mwaka mzima kwa mara moja, kwa kiwango kisichopungua Sh 300 kwa mwezi, yaani Sh 3,600. Kujiandikisha uchungu ukiwa umeanza ni kutafuta shida. Kikundi kinaweza kukopesha hizo Sh 3,600 mwezi wa tano wa mimba bila riba, na kitakuwa kimefanya jambo.

Kibanda chenyewe kinahitaji mtu. Hapa vikundi vinatofautiana. Wengine wanasema msaidizi apate sehemu ya mauzo, wengine wanasema atoe kiasi kimoja kila siku na kinachobaki ni chake. Kwa mama mzima, tungesema sehemu ya mauzo. Kwa mama aliyejifungua, na hasa akiwa na huzuni, tunaona kiasi kimoja ni bora, hata kikiwa kidogo, maana hawezi kukaa akifuatilia ni sweta ngapi ziliuzwa. Hesabuni mali siku ya kukabidhi, watu wawili waweke sahihi, na mtu wa tatu akusanye pesa kila Jumamosi. Nafasi isikae wazi hata wiki moja.

Daftari la chama

Sasa turudi kwa yule mwenye faini. Tufanye hesabu. Chama kinachanga Sh 200 kwa wiki, na asiyefika anatozwa Sh 50. Wiki 12 hajaonekana. Mchango ni Sh 2,400, faini Sh 600, jumla Sh 3,000. Kabla ya kujifungua alikuwa amekopa Sh 10,000 kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi. Miezi mitatu, riba ni Sh 3,000. Kwa hiyo mtu ambaye hajauza hata soksi moja anadaiwa Sh 6,000 juu ya mkopo wenyewe. Sheria hizo zilitungwa kwa ajili ya mtu mjanja anayekwepa. Zinampiga mtu asiye na nguvu ya kunyanyuka kitandani. Naye anajua daftari linasema nini. Hiyo ndiyo sababu anapita njia ya nyuma akikuona.

Hatusemi mfute nidhamu. Kikundi bila faini kinakufa, tumeona. Tunasema kifungu kimoja kiongezwe kwenye katiba yenu, kwa maneno yenu: mwanachama akijifungua, miezi mitatu faini haimhusu, riba inasimama, na zamu yake ya kupokea haisogezwi bila yeye kukubali. Na kama mhudumu wa afya akisema bado ni mgonjwa, miezi mingine mitatu. Serikali imempa karani miezi mitatu. Nyinyi mna uwezo wa kumpa mama wa kibanda.

Na mfuko wa uzazi? Watu ishirini wakitoa Sh 50 kila wiki, ni Sh 1,000 kwa wiki, Sh 52,000 kwa mwaka. Wakijifungua wanne mwaka huo, kila mmoja anapata Sh 13,000, yaani Sh 1,000 kila wiki kwa wiki 13, ambayo ndiyo miezi mitatu. Nairobi elfu moja haimalizi kodi na chakula. Lakini inamzuia kurudi kulala na mtoto juu ya sweta. Itolewe kidogo kidogo kila wiki, maana pesa yote ikija siku moja ina wageni wengi. Mabibi watauliza, "Sisi hatuzai tena, tutachanga kwa nini?" Ni swali la haki. Vikundi vingine huuita mfuko wa kitanda, ukahudumia uzazi na operesheni ya nyanya pia.

Kikundi ni dawa, kwa kiasi chake

Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, watu wa kawaida walifundishwa kwa wiki mbili jinsi ya kuongoza vikundi vya watu wenye huzuni, si wazazi tu. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakizungumzia kufiwa, ugomvi, na mabadiliko ya maisha. Walipopimwa, huzuni yao ilikuwa imepungua sana kuliko ya wale ambao hawakupata kikundi. Nako Harare, Zimbabwe, mtaani Mbare, penye soko kubwa na kituo cha mabasi kama Gikomba yetu, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na nyanya 14 wa kituo cha afya. Aliwafundisha kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje, chini ya mti, na kumsikiliza mpaka wachague pamoja shida moja ya kuanza nayo. Uchunguzi wa watu 573 uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha nyanya hao wanaponya kweli.

Angalieni walichofanya nyanya hao. Hawakuhubiri. Hawakusema "jikaze" wala "mimi nilizaa saba". Waliuliza na kunyamaza. Katika vikundi vyetu tuna wazungumzaji wengi sana, wasikilizaji ni wachache, na kumtembelea mgonjwa tunaenda kumi na wawili tukitaka chai. Waende wawili. Mmoja ashike mtoto au afue nguo, mwingine akae na mama. Na mkimkuta amejifungia, rudini kesho.

Kliniki ya mtoto ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa chanjo. Mama atampeleka mtoto hata kama yeye mwenyewe anaugua. Mmoja wenu amsindikize, na nesi akimaliza na mtoto, mseme, "Sista, na mama naye hajalala mwezi huu wote." Nesi ana foleni ndefu, asipoambiwa hataona. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa tangu Septemba 2023, wako mitaani na vijijini pia. Waambieni. Kutoka Gikomba, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyofunguliwa 1926, iko karibu, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari iko barabara ya Thika. Simu 1199 ya Msalaba Mwekundu haikati pesa, na mtu anayesikiliza yuko. Kuna dawa ambazo mama anaweza kumeza akiendelea kunyonyesha. Daktari ndiye wa kuchagua, na zisiachwe ghafla kwa sababu amepata nafuu.

Mambo mawili hayangoji mkutano. La kwanza, mama akianza kusikia sauti, kusema maneno yasiyoshikana, kukesha siku mbili tatu akiwa na nguvu za ajabu, au kusema mtoto si binadamu. Hutokea kwa mama mmoja au wawili katika kila 1,000, mara nyingi wiki mbili za kwanza. Hospitali siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake na mtoto, na asifungwe kamba. Mnaotaka kuomba, ombeni mkiwa kwenye gari. La pili, akisema anataka kufa. Muulizeni wazi, kwa upole, kama amefikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, kunamfungulia mlango. Zamani watu waliogopa kusema kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria za jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Anahitaji daktari na mtu wa kulala naye chumba kimoja.

Akirudi nyumbani kwenu

Huko mashambani mtampokea akiwa amekonda, kimya, simu imezimwa. Mama mkwe atauliza kwa nini ameacha biashara. Majirani watauliza ameleta nini kutoka Nairobi. Tafadhali msimpe jembe wiki ya kwanza. Mpeni usingizi. Mtoto aletwe kwake anyonye, kisha achukuliwe. Aende kliniki ya huko na kadi ile ile ya mtoto. Kikundi chenu na chama chake cha Gikomba wapigiane simu, mweka hazina kwa mweka hazina, ili kibanda kisipotee akiwa kwenu na ili asidaiwe pande mbili.

Baba naye asiachwe nje. Yule wa jua kali pale Kamukunji hana wiki mbili za sheria, lakini ana jioni. Kubeba mtoto kuanzia saa mbili hadi saa sita usiku kunampa mama saa nne za usingizi mfululizo, na saa nne hizo zina kazi kubwa katika ugonjwa huu. Wanaume wa kikundi waambiane wenyewe. Akiambiwa na mke anasikia lawama.

Kurudi kazini kuanze kwa nusu siku. Siku tatu za wiki, aje saa nne belo zikiwa zimeshafunguliwa, auze alizochaguliwa na mwenzake. Kamera atazipata mwezi unaofuata.

Maswali ya kujadili

Katiba ya kikundi chetu inasema nini juu ya mwanachama aliyejifungua? Kama haisemi kitu, nani ataandika kifungu hicho, na lini kitapigiwa kura?

Nani katika daftari letu ana faini za zaidi ya wiki sita, na nani amemtembelea?

Tukichanga mfuko, wasiozaa watanufaika vipi?

Katika kikundi chetu, ni watu gani wawili wanaojua kusikiliza bila kupeleka maneno nje? Msiwataje kwa sauti. Kila mtu aandike majina kwenye karatasi, mwenyekiti akusanye.